Upindo wa Fundi

Fundi hakuwahi kushona nguo iliyomtosha mtoto. Ukimpelekea binti wa darasa la kwanza, ulirudi naye amevaa rinda linalofagia soksi, mikono ya sweta imekunjwa mara mbili, na ndani ya rinda upindo mpana kama kiganja cha mtu mzima. Mama akilalamika, Fundi alitoa kwanza pini mdomoni ndipo akamjibu. "Mtoto si meza," alisema. "Meza ndiyo unapima mara moja." Nusu ya watoto wa Nyeri wa rika langu tulianza shule tukielea ndani ya nguo zetu, na picha zetu za miaka hiyo zinachekesha mpaka leo.

Kuushona upindo ilikuwa kazi yake, na kuushusha pia ilikuwa kazi yake. Mtoto akirefuka, rinda lilirudi kwake, naye akafumua uzi mwenyewe, akapiga pasi, akashona upya huku akimwangalia mtoto kutoka utosini hadi miguuni. Ole wako ushushe nyumbani kwa wembe. Angekuona hata kwenye foleni ya benki akuulize mbele za watu, "Ni nani ameshika upindo yangu?" Mama yangu alijaribu mara moja, nikiwa darasa la tatu. Kwa muhula mzima Fundi alimsalimia kwa kichwa tu.

Duka lake lilikuwa ghorofani, karibu na soko, chumba kimoja chenye dirisha kubwa linaloutazama mlima. Watu hutoka mbali kuja kuuona mlima huo. Fundi alikuwa ameigeuzia cherehani yake ukutani. Ukimuuliza sababu, alisema mlima unampotezea wakati, unatoka, unajificha, unatoka tena, kama mteja asiyejua anataka nguo gani.

Vipimo hakuviandika popote. Alikuzungushia utepe, akanung'unika namba kidogo, basi, zikakaa kichwani. Alinipima nikiingia shule, akanipima nikiingia sekondari, na nilipokwenda kushonewa nguo ya harusi alinitajia kiuno changu cha miaka kumi na minne kabla hata hajaushika utepe. "Umeongeza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Kisha akanicheka mpaka nami nikacheka.

Nasema haya ili ieleweke kwamba nilimjua kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa. Siku hizi watu wakinisikia nikimtaja hudhani tulikutana hospitalini, kwa sababu hapo ndipo walipotuona pamoja. La. Kansa ilitukuta tukifahamiana.

Ilianza kwake. Alikuwa amepita miaka sitini na tano, mjane, wajukuu wake wakubwa wako sekondari. Alikatwa ziwa la kulia, akapumzika kidogo, akarudi kwenye cherehani. Akapewa kidonge cha kumeza kila siku kwa miaka, naye alikimeza kwa chai ya saa nne huku akikitukana, lakini hakuruka hata siku moja. Kanisani walimwombea kwa utulivu. Wazee wenzake walisema amekula chumvi nyingi, mwili una haki ya kuchoka. Hata yeye mwenyewe aliichukulia hivyo. Nilimsikia akimwambia mteja, "Hii ni ugonjwa ya wazee. Imekuja na mkongojo. Mimi na yeye tutatembea polepole."

Na hapo ndipo kosa lake lilipotoka. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nimeolewa Chaka, nauza mbegu na dawa za mifugo pale barabara ya kwenda Nanyuki. Binti yangu, Shiru, alikuwa bado ananyonya. Nikasikia uvimbe kwenye ziwa la kushoto, mgumu, hauumi. Muuguzi mmoja akaniambia ni maziwa yaliyoganda. Mama wa jirani akaniambia ni maziwa. Sikutulia. Nikasema nitamuuliza mtu aliyeupitia ugonjwa wenyewe, nikapanda ngazi za Fundi na mtoto mgongoni.

Alinigusa, kisha akacheka. "Hiyo ni maziwa tu, mami. Yetu huwa ya wazee. Wewe bado uko mbichi, uko na mtoto ananyonya. Chukua kitana, upashe moto kwa maji, uchane kuteremka mpaka kwa chuchu. Itafunguka."

Kila mwanamke wa kwetu anaijua dawa hiyo. Ziwa likijaa na kukaza, unalichana kwa kitana cha moto, na mara nyingi maziwa hufunguka kweli. Nikachana. Nilichana wiki baada ya wiki, asubuhi na jioni, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Uvimbe haukufunguka, uliongezeka. Kisha Shiru akaanza kuligeuzia kisogo ziwa lile, analia, anatafuta jingine. Mama yangu ndiye aliyesema imetosha, akanishika mkono mpaka hospitalini kama nilipokuwa mdogo.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya chini. Alinieleza kwa Kiswahili rahisi, na nikamwomba arudie. Ugonjwa ni huohuo kwa jina, alisema, lakini tabia yake si moja. Wa wazee mara nyingi hukua polepole na hulishwa na homoni, ndiyo maana kidonge huukatia chakula. Wa wasichana mara nyingi huja kwa kasi, na aina yangu haikula homoni, kwa hiyo hakukuwa na kidonge cha kunisaidia. Ningeanza na dripu ya dawa kali za kansa, kisha upasuaji, kisha mionzi. Ziwa la mwanamke kijana limeshikana, uvimbe hujificha ndani yake, na kila mtu akiuona umri wako anafikiria maziwa. Hakumlaumu mtu. Nilimuuliza kama nitampeleka mtoto wangu shule. Akasema tutapigana kwa ajili ya hilo. Hakuniahidi, na nilimheshimu kwa kutoniahidi.

Basi tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: nimpeleke Shiru gredi ya kwanza, kwa miguu yangu, akiwa na sare iliyoshonwa na Fundi. Wengine huomba mambo makubwa. Mimi niliomba rinda linalofagia soksi.

Fundi alipopata habari alifunika cherehani yake mchana peupe, jambo ambalo watu wa sokoni walilizungumza. Kesho yake akaja Chaka. Hakusema pole. Hakukaa. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akauliza, "Kitana iko wapi?"

Nikampa. Kilikuwa kitana cha plastiki cha buluu, jino moja limekatika. Akakitia mkobani akaondoka. Chai niliyompikia ikapoa mezani. Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia mume wangu yule mama ameniua kisha amekuja kuchukua silaha.

Baada ya wiki chache nilipanda tena ngazi zake, nikakikuta kitana kimetundikwa kwenye msumari kando ya kioo cha wateja. Watu walidhani ni cha kuchania nywele. Msichana mmoja alinyoosha mkono akichukue, Fundi akaupiga kofi mkono ule.

"Hiyo si ya nywele!"

"Basi ni ya nini, Cucu?" akauliza, kwa jina tunalowaitia nyanya zetu.

"Ni ya ujinga wangu," akasema. "Keti nikwambie."

Akamwambia yote, hata jina langu hakulificha, na mimi nimesimama palepale. Tangu hapo, kila mama mwenye mtoto mchanga aliyekuja kushonewa alikisikia kisa cha kitana. Kilimalizika kila mara kwa maneno haya: "Kama ni maziwa, itaisha kwa siku chache. Isipoisha, usiulize fundi wa nguo. Enda hospitali, na wakikwambia wewe ni mdogo, waambie wakuangalie hivyohivyo." Alikuwa mkali kwa jambo hilo hadi wateja wengine wakamkimbia. Wawili ninaowajua walikwenda hospitalini kwa ajili ya kile kitana. Mmoja yalikuwa maziwa kweli. Mwingine hayakuwa maziwa, na alienda mapema.

Hakuniomba msamaha, nami sikumdai. Badala yake alinisindikiza. Kila nilipokuwa na dripu alifunga duka, akaja kuketi nami kwenye benchi, mkobani ana kazi ya mkono. Pale kwenye benchi ndipo tulipoijua tofauti yetu. Wazee walikuja na watoto wao wakubwa wamewabebea mikoba. Sisi wengine tulikuja na watoto wadogo tumewaacha kwa majirani, simu mkononi, tukiuliza kama wamekula. Wazee walizungumza juu ya miguu na presha. Sisi tulizungumza, kwa sauti ya chini, juu ya waume, kazi, na watoto ambao bado hatujawazaa.

Hilo la mwisho liliniuma kuliko sindano. Kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume, na wa pili ndiye huitwa jina la mama yako. Mimi ni mtoto pekee. Shiru alibeba jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa, na mama yangu alikuwa anangoja wake kimyakimya, bila kulitaja. Daktari alinionya kwamba dawa zile zingeweza kufunga uzazi. Nilimweleza Fundi nikitegemea neno la kunituliza. Akaiweka kazi yake mapajani.

"Mimi nilipougua, nilikuwa nimemaliza kuzaa watu wangu wote," akasema. "Mama yangu niko na yeye, ni yule binti yangu anafundisha Karatina. Mama ya mzee niko na yeye. Hii ugonjwa ilichukua titi yangu, lakini haikupata kitu ya kunyang'anya. Wewe imekukuta mlangoni." Kisha akanishika goti. "Hapo sina la kukwambia, mami. Sitakudanganya tena."

Nililia, na machozi yale yalinipa nafuu. Wengi walikuwa wamenipa methali.

Mengine aliyakosea pia. Yeye hakuwahi kupewa dripu, kwa hiyo hakuelewa jinsi inavyomgeuza mtu tumbo. Aliniletea njahi, yale maharage meusi tunayompa mama aliyejifungua ili apate nguvu, sufuria nzima imefungwa kwa kitambaa. Niliona tu mvuke nikakimbilia nje. Akaja na njahi wiki iliyofuata tena, akidhani ya kwanza ilikosa chumvi.

Mume wangu alimwogopa. Siku moja alikuja kunichukua dukani kwa Fundi, akaambiwa asimame apimwe koti. Hakuwa ameagiza koti. Akamwambia anyooshe mikono yote miwili, akamchomeka pini kwenye shati kila upande, kisha akaushusha utepe wake taratibu.

"Unalala wapi siku hizi?"

Yule mwanaume akanitazama. Hakuweza kushusha mikono kwa sababu ya pini. "Kwa kochi," akasema. "Naogopa nitamuumiza akiwa amelala."

"Umemuuliza kama anaumia?"

"Hapana."

"Mimi wakati yangu mzee alikuwa ameshaenda, kitanda ilikuwa yangu peke yangu. Huyu bado ni bibi ya mtu. Rudi kwa kitanda, bwana. Koti njoo Ijumaa."

Alirudi kitandani siku hiyohiyo. Koti nalo lilishonwa, na mikono yake ni mirefu kupita kiasi, kana kwamba Fundi alitarajia hata yeye arefuke.

Kuhusu maziwa ya nguo ya kuvaa kifuani, watu wa Skuta, mtaa aliokuwa akiishi, bado wanacheka. Alianza kujishonea mwenyewe baada ya kukatwa, akajaza vipande vya sponji. Yalikuwa mepesi, yalimpanda mpaka begani akiimba kanisani. Akasema kifua kinataka uzito. Akajaza ndengu. Rafiki yake mmoja aliyeshonewa pia akalifua lake bila kutoa kilichomo, akaliacha beseni, na baada ya siku chache ndengu zikaota. Mwishowe akahamia kwenye mchele. Alikuwa na dada huko Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, ambaye alimtumia mchele mzuri, na Fundi akaushonea kifuko cha ndani cha kutolewa. Uzito ulifaa kabisa, ila siku za jua tulinukia kama jikoni. Nilipokatwa la kwangu alinishonea mawili, la kazini na la kanisani, akanipima Jumapili. Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kwamba Jumapili cherehani haiguswi. "Mungu anajua kifua haingoji Jumatatu," akasema.

Huyo ndiye aliyekuwa mchoyo wa vifungo. Kifungo cha akiba hakukupa hata ungepiga magoti. Alichukia kuhurumiwa, lakini hakukosa mazishi, alikaa mbele na alijua nyimbo zote. Mazishi ya wasichana tu ndiyo hakwenda. Mmoja wa benchi letu alipofariki, mwalimu kijana kutoka Mathira, alifunga duka, akakaa ndani, akakataa kutoka. Alisema kuna mstari wa kufa, na wazee wamesimama mbele, na yeye hatamheshimu anayeuvunja. Sikujua alikuwa anamwambia nani. Nadhani Mungu.

Miaka ikapita. Nywele zikarudi, zimejikunja kuliko za kwanza. Daktari akaniambia kwamba aina yangu, ikikusudia kurudi, hurudi mapema zaidi, na kila mwaka unaopita ni wa kushukuru. Mtoto mwingine hakuja. Mama yangu haliulizi. Shiru akamaliza chekechea.

Fundi alikuwa ameacha duka kufikia hapo. Alisema ni nyonga, miaka ya kukanyaga cherehani. Alihamishia mashine nyumbani Skuta, kwa binti yake, akaiweka sebuleni, imetazama ukuta vilevile. Nilimpeleka Shiru kupimwa. Macho ya Fundi yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo alimpima kwa vidole, shubiri kwa shubiri, huku Shiru akicheka kwa kutekenywa.

"Huyu ni mrefu kama wewe," akasema. "Umesahau? Miguu tupu."

Alituambia turudi Jumamosi. Jumamosi nilimkuta ameketi mlangoni juani, blanketi magotini. Amekonda. Rinda lilikuwa limekunjwa kwenye kiti, rangi ya damu ya mzee, pasi imekaa vizuri. Shiru akalivaa palepale. Likafagia soksi. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka, kwa sababu nilikuwa nimeliomba rinda hilo kwa miaka, na sasa lilikuwa mbele yangu, lina mtoto ndani yake.

Fundi akamwita mtoto, akaugeuza upindo wa rinda ndani nje, akaniambia nikae kwenye kigoda. Kisha akanipa kile kichuma chake kidogo cha kufumulia nyuzi. Hakuwahi kumpa mtu kichuma kile.

"Shika hivi. Ingiza chini ya uzi, usisukume kitambaa. Fumua mbili mbili."

"Fundi, hii nitakuletea mwenyewe. Akirefuka tu, nakuja."

"Ukileta hutanipata."

Binti yake, aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba, akasimama. Fundi akaeleza kwa utulivu, kama anayeeleza mshono. Haikuwa cherehani. Ugonjwa ulikuwa umerudi, umekaa kwenye mifupa ya nyonga. Vidonge alivimaliza vyote, kila mwaka alioambiwa, na hakuna aliyekosea. Wamempa dawa nyingine, na anazimeza kwa chai ya saa nne.

"Yako ilikuja na bodaboda," akasema, "ikapita. Yangu ilikuja na mkongojo. Lakini imefika."

Nikalia mbele ya mtoto, sikuweza kujizuia. Nilitaka kumwambia kwamba kitana nilishakisamehe zamani, nikaona kupitia mlango wazi kimetundikwa sebuleni, kando ya kioo, jino moja halipo.

"Usilowanishe sare," akasema. "Ni ya Jumatatu. Na usilie hivyo, mstari umenyooka. Mimi ndiye niko mbele." Akauchukua mkono wangu, akaupitisha ndani ya rinda. "Sikia. Iko upindo mbili. Hii ya juu ni ya gredi ya tatu. Hii ingine ni ya gredi ya tano. Usishushe zote mara moja, ati kwa haraka. Na asishushe mtu mwingine. Si mama yako, si huyo bwana. Wewe."

Nikamwambia nitashusha mwenyewe.

"Ii," akaitikia, akaliachilia rinda. "Ndiyo maana nikaishona hivyo."